Kelele za AC chumbani: kagua nati na mipira kabla ya kununua mashine mpya

Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, AC za Mombasa hazizimwi. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule, mashine ya nje imefungwa kwenye ukuta uleule uliopakana na kitanda, na usiku kucha ni mngurumo. Wengi huona mashine imechakaa, wauze wanunue nyingine. Tafadhali usiuze bado. Nyingi nilizozifungua zilikuwa nzima. Kilichokuwa kikipiga kelele ni ukuta.

Hatua ya 1: Tafuta inakotoka. Subiri mtaa utulie, washa AC, kompresa (pampu ya gesi iliyo ndani ya mashine ya nje) ikishaanza kazi weka kiganja ukutani. Ukihisi mtetemo, basi mashine imeufanya ukuta wako ngoma. Kisha nenda nje, bonyeza ubavu wa mashine, mbali na feni. Mlio ukikatika, ni bati limelegea, na skrubu moja itakumalizia kazi.

Hatua ya 2: Zima stima. Rimoti haitoshi. Zima swichi kubwa ya ukutani. Na kile kisanduku cha nyaya usikifungue kabisa: kapasita huweka umeme hata baada ya kuzimwa. Hiyo mwachie fundi.

Hatua ya 3: Osha. Chujio la ndani likijaa vumbi, hewa hupita kwa taabu na mashine huvuma. Lioshe kila wiki mbili msimu wa joto, lianike kivulini. Mapezi ya mashine ya nje, vile vibati vyembamba vilivyopangana, yamwagie maji taratibu, bila presha, yasipinde. Hapa nasisitiza: tumia maji matamu. Maji ya kisima katika mitaa yetu mingi yana chumvi, na ukiyamwaga pale unaila mashine yako mwenyewe. Nunua mtungi mmoja kwa mwenye mkokoteni, utatosha.

Hatua ya 4: Nati na mipira. Hapa ndipo penye kazi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Mwaka jana nilipanda ngazi nyumba moja Tudor, mtoto mchanga halali kwa mngurumo. Nilipotia spana kwenye nati ya kwanza, ilimeguka kama kaki. Mpira uliokuwa chini ya mguu wa mashine ulikuwa mkavu, mgumu kama kifuu cha nazi, umepasuka katikati. Chuma kilikuwa kinakaa juu ya chuma, na kila mtikisiko wa kompresa ulikuwa unapita moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha mtoto.

Badilisha mipira yote minne kwa pamoja. Vipande vya tairi kwa mafundi wa akala ni afadhali kuliko chuma kwa chuma, lakini tairi lenye nyuzi ni gumu na halimezi mtetemo vizuri. Tafuta mpira laini unaobonyea kwa kidole gumba. Nati na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo, usiupondeponde. Weka pima maji juu ya mashine: ikiinama, feni huyumba. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja akiishikilia mashine, na kama iko ghorofani mwite fundi mwenye kamba ya usalama.

Hatua ya 5: Mabomba. Bomba la shaba likigusa ukuta hugongagonga. Livishe sponji pale linapopita tunduni.

Maswali ya wanachama

*Fundi, naweza kuijengea kisanduku cha mbao nisisikie kabisa?* (Bamburi)

Hapana, ndugu yangu. Mashine ya nje kazi yake ni kutoa joto. Ukiifungia itavuta hewa yake yenyewe ya moto, kompresa itahangaika na kelele itazidi. Kizuizi cha upande mmoja, kati yake na dirisha, kinafaa, mradi mbele na nyuma hewa ipite.

*Yangu ikizimwa hutoa shhh. Gesi inavuja?* (Likoni)

Dakika chache baada ya kuzima ni kawaida, gesi inajisawazisha ndani ya mabomba. Ila ikiwa baridi imepungua na bomba linashika barafu, huenda inavuja. Usikubali kujaziwa tu. Mwambie fundi atafute tundu kwanza alizibe.

*Maji ya AC yangu yanadondokea mabati ya jirani, tone tone usiku mzima. Mama wa watu ameshalalamika mara mbili.* (Kisauni)

Ana haki, dada. Refusha mpira wa maji hadi chini. Ukishindwa leo, funga kamba ya pamba mdomoni mwa mpira, ishuke hadi kwenye ndoo. Maji yataifuata kimya kimya.

*Nyumba yetu ni ya zamani, Mji wa Kale, kuta za matumbawe na chokaa. Bolti hazishiki.* (Mji wa Kale)

Chokaa hubomoka mashine ikitetemeka, mzee wangu, kwa hivyo usizidi kutoboa. Isimamishe chini uani, juu ya matofali ya saruji yenye mipira. Usiiweke kwenye sakafu ya boriti, itatikisa chumba kizima. Na kwa kuwa mtaa wenu unahifadhiwa, ulizia ofisi ya uhifadhi kabla ya kugusa ukuta wa mbele.