Kumkatalia mteja bila kumbagua

Mwenye biashara anaweza kukataa kazi. Kumkataa mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili yake ni jambo jingine kabisa, na wengi huponzwa na tofauti hiyo kwa kuwa wanaiamua kaunta, foleni ikiwa ndefu na hasira zimepanda. Iamue mapema, kwa maandishi.

Anza na sheria ya mahali ulipo, maana orodha ya sifa zinazolindwa hutofautiana. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inataja sifa 9, zikiwemo umri, ulemavu, dini na mwelekeo wa kijinsia. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964, kwenye sehemu ya hoteli na migahawa, inataja rangi, mbari, dini na asili ya kitaifa tu. Jinsia haimo, majimbo mengi yameongeza yenyewe.

Kisha andika kazi usizofanya. Anayeuza bidhaa zilizo tayari rafuni hana mengi ya kuandika: anachomuuzia mmoja amuuzie kila mtu. Ugumu uko kwa wanaotengeneza kwa oda, kama mwoka keki, mchapaji wa fulana au mbunifu wa tovuti. Taja maudhui, usitaje watu: matusi, picha za uchi, kampeni za siasa. Kila kipengele kipime kwa swali hili: akija mteja mwingine, wa dini au rangi nyingine, akataka kitu hicho hicho, nitamtengenezea? Ikiwa utamtengenezea, basi unachokataa ni mtu.

Kipimo hicho kilikuwa kiini cha kesi ya Ashers, waoka keki wa Ireland ya Kaskazini, mwaka 2018. Waliletewa oda ya keki yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, wakaikataa. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa ushindi, kwa kuwa walikataa ujumbe, na wangeukataa hata ungeletwa na mtu mwingine yeyote.

Sasa pima kanuni zako mara ya pili: nani hawezi kuzitimiza hata akitaka? Hapa ndipo kanuni yenye sura ya haki hugeuka ubaguzi. Wenye hoteli moja ya Cornwall walikuwa wakitoa vyumba vya kitanda kimoja kikubwa kwa waliooana tu. Wakati huo wapenzi wa jinsia moja hawakuruhusiwa kuoana kisheria, hivyo kanuni iliwafungia nje wote, na mwaka 2013 wenye hoteli walishindwa mbele ya mahakama hiyo hiyo. “Kofia marufuku” huwagusa Masingasinga wenye vilemba na wanawake wa hijabu. “Mbwa marufuku” humwacha nje kipofu. Nchini Marekani, ikiwa haionekani wazi kwamba mbwa ni msaidizi, mhudumu anaruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Kudai cheti hakuruhusiwi. Mbwa akileta fujo na mwenyewe asimtulize, anaweza kutolewa, lakini mteja bado ahudumiwe.

Jihadhari na kesi ya keki ya Colorado, Marekani, ya 2018, ya mwoka keki aliyekataa kuwatengenezea wapenzi wa jinsia moja keki ya harusi; hunukuliwa vibaya kila siku. Mahakama ya Juu ya Marekani haikutoa ruhusa ya jumla ya kukataa wateja. Ilisema tume ya jimbo iliishughulikia dini ya mwoka keki kwa uadui.

Siku ya kukataa ikifika, aongee mtu mmoja, pembeni, kwa sauti ya kawaida. Sentensi mbili zatosha: “Maandishi haya hatuyachapi kwa mteja yeyote, yapo kwenye orodha yetu. Fulana tupu au yenye maandishi mengine tutakufanyia.” Rudisha arbuni yote papo hapo. Usihubiri wala usiulize maisha yake. “Watu kama nyinyi” ni maneno matatu yanayotosha kukupotezea kesi, na zaidi ya kesi, yanamvunjia mtu heshima mbele ya wanawe. Kwa mlevi au anayetukana wahudumu, taja tendo: “Umemtukana keshia, tafadhali toka.” Lakini hakikisha wa jana aliyetukana vivyo hivyo naye alitolewa, kanuni inayofanya kazi kwa baadhi tu haitakutetea.

Kabla ya kufunga siku hiyo andika saa, kilichoombwa, kipengele cha kanuni kilichotumika, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Nakili picha za kamera mapema, kwani mitambo mingi hufuta za zamani ili kurekodi mpya. Mteja aliyekataliwa naye afanye vivyo hivyo, kisha aombe sababu kwa maandishi na aulize kama kitu hicho huuzwa kwa wengine.