Kutotolesha mayai ya kienyeji kwa mashine ukiwa Mtwara: pima mayai, usijaze maji tu

Mama mdogo anaishi Mikindani, na mashine yake ya mayai 60 aliinunua kwa fedha za korosho. Mara ya kwanza walitoka vifaranga 19. Mara ya pili 14. Aliponipigia simu alikuwa ameshaamua kumchinja jogoo, maana kila aliyemuuliza alimwambia jogoo hafai. Nilimwomba asubiri, nikapanda bodaboda kutoka mjini tukavunje pamoja mayai yaliyobaki. Ndani tulikuta vifaranga waliokamilika, wana manyoya na kucha, wamelowa chapachapa, wamefia kwenye ganda. Jogoo alikuwa ametimiza wajibu wake. Vifaranga walizidiwa na maji ya kwenye mashine.

Nami niliwahi kupoteza mizunguko mitatu mfululizo kwa kosa hilohilo. Ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Panga wazazi

Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Wazazi wote wawe wamechanjwa kideri, au mdondo kama wengi wanavyouita, kwa tone la jicho kila baada ya miezi 3. Mtetea aliyechanjwa humpitishia kifaranga kinga ya siku za mwanzo kupitia yai.

Usimwache jogoo uliyemtotolesha mwenyewe abaki na dada zake. Kaka na dada wakizaana, kwa kila jeni kifaranga ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili za jeni ileile moja ya babu au bibi. Kasoro zilizokuwa zimejificha ndipo hujitokeza: mayai hayatotoi, vifaranga wanakuwa dhaifu. Mimi nina makundi matatu, kila moja na rangi ya kitambaa mguuni. Jogoo vijana wa kundi la kwanza huenda la pili, wa la pili huenda la tatu, wa la tatu hurudi la kwanza. Mitetea hawahami. Ukishabadilisha jogoo, subiri wiki 3 kabla ya kuweka mayai ya mbegu, kwa sababu mbegu ya jogoo wa zamani hudumu ndani ya mtetea kwa wiki mbili na zaidi.

Hatua ya 2: Kusanya mayai

Miongozo mingi inasema yai lisikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuingia kwenye mashine. Hiyo ni kwa chumba cha nyuzi 15 hadi 18. Huku kwetu, miezi ya kaskazi, chumba kina nyuzi 28 au zaidi, na yai likipita nyuzi 21 hivi kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, huanza kukua polepole, kinachoka, kinakufa kabla hakijaingia kwenye mashine. Miezi hiyo mimi sivuki siku 4. Mayai huyaweka ndani ya mtungi mkavu, mtungi wenyewe nimeuzamisha nusu kwenye mchanga mbichi kivulini. Ncha iliyochongoka inatazama chini. Friji ya nyumbani ina baridi kupita kiasi, achana nayo. Yai lenye kinyesi usilioshe, kalile.

Hatua ya 3: Joto

Nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Mashine isiyo na feni sikushauri kabisa: juu kuna joto moja, chini jingine, na hakuna namba utakayoiamini. Iwashe siku nzima kabla ya kuweka mayai, kisha hakiki kipimo chake kwa kipimajoto cha homa cha kidijitali. Kile cha dukani cha kupimia watoto kimetengenezwa kwa nyuzi hizohizo.

Hatua ya 4: Unyevu

Karatasi iliyokuja na mashine ya mama mdogo iliagiza mifereji yote miwili ya maji ijazwe tangu siku ya kwanza, na unyevu uwe asilimia 55. Yeye alifuata neno kwa neno. Lakini karatasi ile haikuandikwa kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini katikati ya masika.

Fikiria hivi. Hewa ya nje ina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, kama ilivyo kawaida huku mvua zikishika. Ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi 37.5, bila tone la maji kuongezwa, inabaki na unyevu wa karibu asilimia 50. Kiasi hicho kinatosha! Mayai yenyewe nayo yanatoa mvuke. Ukijaza mifereji juu ya hapo, unazidisha.

Ubaya wake ni huu: yai linatakiwa kupoteza maji kupitia ganda ili chumba cha hewa kwenye ncha butu kikue. Siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo. Yai likibaki na maji yote, chumba kinakuwa kidogo, kifaranga anakosa hewa na nafasi ya kugeuka, anazama.

Kwa hiyo pima uzito. Hii ndiyo njia ninayoiamini, na ninaiamini kuliko kipimo chochote cha unyevu. Hadi siku ya 18 mayai yapungue kati ya asilimia 11 na 14 ya uzito wa kuanzia. Mimi nalenga 12. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Trei ya mama mdogo ya mayai 30, ukitoa uzito wa trei yenyewe, ilikuwa gramu 1,260. Asilimia 12 yake ni gramu 151, yaani gramu 8 na kidogo kwa siku. Siku ya 7 trei ilitakiwa iwe imepungua gramu 59 hivi, siku ya 14 gramu 118.

Ikipungua kidogo kuliko hapo, punguza maji na fungua matundu ya hewa zaidi. Ikipungua sana, ongeza maji. Usirekebishe kwa pupa. Badilisha kitu kimoja, subiri siku mbili, pima tena.

Mambo yaliyowahi kunipotosha hapa:

Ukitoa mayai yasiyo na mbegu, uzito unashuka ghafla. Pima kabla ya kuyatoa na baada ya kuyatoa, kisha hesabu upya kwa yaliyobaki. Niliwahi kusahau, nikadhani mayai yanakauka, nikaongeza maji. Ule ulikuwa mzunguko wangu wa tatu.

Pima kwa saa ileile na uwe mwepesi, mayai yasipoe. Trei ikilowa, ipanguse kwanza, gramu chache za maji zinaharibu hesabu yote.

Usichanganye mayai ya siku tofauti kwenye trei moja unayoipima.

Kipimo cha unyevu cha mashine kihakiki kwa chumvi. Jaza chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke ikaisha. Iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, kwa saa 12, mahali pasipobadilika joto. Humo ndani unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Cha mama mdogo kilisoma 66. Maana yake, kilipomwonyesha 55 huenda alikuwa kwenye 64.

Na majira yanabadilisha kila kitu. Mwezi wa saba, kusi likivuma na usiku ukiwa wa baridi, hewa ileile ikipashwa inaweza kushuka hadi asilimia 30, na hapo mfereji mmoja wa maji ni wa lazima. Ndugu zetu wa Newala, huko juu kwenye baridi, wasiige maji yangu ya Mtwara mjini. Waige mizani.

Hatua ya 5: Geuza

Mashine igeuze yenyewe kila saa moja au mbili. Kwa mkono, mara 3 au 5 kwa siku.

Hatua ya 6: Mulika

Siku ya 7, gizani, kwa tochi ya simu. Lenye mishipa kama mizizi linarudi. Lililo jeupe au lenye pete ya damu linatoka. Rudia siku ya 14.

Hatua ya 7: Siku ya 18 hadi 21

Acha kugeuza. Sasa ndiyo jaza mifereji, unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, ili utando usikauke wakati kifaranga anatoboa. Kuanzia hapo usifungue. Kifaranga anaweza kukaa saa 24 kati ya tundu la kwanza na kutoka, na kila ukifungua unyevu unatoroka. Mama mdogo alitaka kuwasaidia kwa kuwamenyea ganda. Nilimsihi asifanye hivyo, maana damu huwa bado inapita kwenye utando.

Umeme ukikatika, mfuniko ubaki umefungwa. Mayai huvumilia kupoa saa chache kuliko kuzidi joto. Lakini siku hizi za mwisho yanatoa joto lake na yanahitaji hewa, kwa hiyo usifunike mashine kwa blanketi ukaziba matundu.

Hatua ya 8: Vunja yaliyobaki

Jioni ya siku ya 22 vunja kila yai lililogoma, andika ulichokiona pamoja na rangi ya kundi la wazazi. Kifaranga aliyelowa na chumba kidogo cha hewa: maji yalizidi kabla ya siku ya 18. Kifaranga aliyenatana na utando mkavu: maji yalipungua mwishoni, au ulifungua. Waliokufa wiki ya kwanza wakiwa wengi: rudi kwenye hatua ya 2. Waliokufa wakiwa wa kundi moja tu: mhamishe jogoo wa kundi hilo.

Mzunguko wa tatu wa mama mdogo, mifereji mikavu hadi siku ya 18, walitoka 47.