Namna ya Kufundisha Historia ya Palazzo Vecchio kwa Wanafunzi wa Moshi

Mwalimu wa historia wa sekondari mjini Moshi anayetaka kueleza serikali za miji ya Italia katika Zama za Kati anaweza kutumia jengo moja tu, Palazzo Vecchio la mjini Florence, kwa kuwa karibu kila utawala uliopita humo uliacha alama yake ukutani. Chapisha picha mbili kubwa, moja ya jengo kwa nje na nyingine ya ukumbi wake mkuu, lakini usizionyeshe mapema, maana somo huanzia kwenye kiwanja.

Waulize wanafunzi kiwanja kilikuwa cha nani. Ujenzi ulianza mwaka 1299, na kwa kawaida mchoro wake huhesabiwa kuwa kazi ya Arnolfo di Cambio. Hapo palikuwa na nyumba za ukoo wa Uberti, waliokuwa Waghibellini, yaani upande wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, na nyumba hizo zilibomolewa baada ya wapinzani wao Waguelfi, waliomuunga mkono Papa, kuushika mji. Kaa hapa kwa muda, kwani wanafunzi wengi hudhani kila jengo la fahari lilijengwa kwa ajili ya mfalme, ilhali hili lilikuwa makao ya mapriori, viongozi waliotoka katika vyama vya wafanyabiashara na mafundi, ambao walitawala kwa miezi miwili tu na kutakiwa kuishi humo humo kwa kipindi hicho chote.

Sasa toa picha ya kwanza. Mwenye macho makali ataona kwamba mnara, wenye urefu wa mita 94 hivi, haukukaa katikati. Wajenzi waliutumia mnara wa zamani wa ukoo mwingine kuwa msingi wake.

Kwa ukumbi mkuu, toka na wanafunzi uwanjani ukiwa na kamba, mpime mstatili wa mita 54 kwa 23, kisha darasa zima lisimame ndani yake. Ukumbi huo ulijengwa kwa ajili ya Baraza Kuu la raia baada ya Medici, ukoo tajiri uliokuwa ukiutawala mji, kufukuzwa mwaka 1494, wakati mtawa Savonarola alipokuwa na nguvu mjini. Mwaka 1498 mtawa huyo alifungwa mnarani, akanyongwa na kuchomwa moto katika uwanja ulio mbele ya jengo. Mwaka 1540, ukoo wa Medici ukiwa umerudi madarakani, mtawala Cosimo I wa Medici alihamia humo, na baadaye msanii Giorgio Vasari akaliinua dari na kuchora ushindi wa mtawala huyo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha somo: ukumbi wa raia uligeuzwa kuwa wa kumsifu mtu mmoja, na kuta hazikuvunjwa.

Yaliyofuata yataje kwa ufupi: bunge la Italia lilikaa humo kati ya 1865 na 1871, na leo ni ofisi za meya pamoja na makumbusho.

Kwa zoezi, wapeleke Arusha kwenye Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 na ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe. Wajibu maswali yale yale kuhusu kiwanja, wajenzi na waliobadilisha matumizi, na mwanafunzi asiandike jambo ambalo hawezi kuonyesha dalili yake ukutani au katika maelezo yaliyobandikwa humo.