Uwanja Umejaa Maji na Mechi Ni Leo: Fanya Hivi

Mvua ya Kisumu haiheshimu ratiba ya mtu. Asubuhi jua linawaka, saa nane mawingu yanajikusanya upande wa Nandi, na refa akishika filimbi saa kumi matone yanaanza. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa kocha wa timu ya mtaani ni hili: kati ya Machi na Mei, pigania mechi ya asubuhi. Mvua ya huku hupenda alasiri na usiku. Ugumu wake naujua. Ukiweka Jumamosi asubuhi, wachezaji wako Wasabato wako kanisani. Ukiweka Jumapili, waliobaki nao wako kanisani. Sisi hupatana na wapinzani tuanze Jumapili saa moja na nusu, mtu amalize, aoge, awahi misa ya pili.

Mimi ni fundi wa sofa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, na siku za mechi ndiye kocha, mtunza vifaa na mbebaji wa maji. Uwanja wetu ni wa shule ya msingi, upande wa kuelekea Ahero, kwenye udongo mweusi. Anayeujua udongo huo haulizi zaidi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, na maji yanayokuja baadaye hayana pa kuteremkia. Wenzetu wa Vihiga na Kakamega wenye udongo mwekundu wanaweza kusubiri kidogo wakaona uwanja umekunywa maji yake. Sisi wa bonde la Kano, huku Ahero, tukisubiri hivyo tunajidanganya. Na usitazame mawingu ya kwenu tu: Mto Nyando hufurika kwa mvua iliyonyesha huko juu milimani, nyinyi bondeni hamjaona hata tone.

Kwanza amua kama kuna mechi

Fika uwanjani kabla timu ya wageni haijapanda matatu. Wakishalipa nauli, hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kusema hapana, na hapo ndipo watu huvunjika miguu.

Vaa gambuti, shika fimbo, chukua na mpira. Angusha mpira kutoka usawa wa bega mbele ya malango yote mawili, kwenye alama za penalti, katikati, na pembeni wanapokimbilia mawinga. Ukidunda hata ukafika gotini, hapo panachezeka. Ukitua na kunyamaza, simika kijiti. Halafu sukuma mpira ardhini kwa nguvu, upite juu ya kila dimbwi, kutoka upande huu na upande ule. Ukikwama kwenye visanduku vyote viwili vya penalti, piga simu: “Mkuu, leo hapana, tuonane wiki ijayo.” Pembe moja ikijaa maji si sababu ya kuahirisha.

Fimbo ni ya kitu kingine. Maji ya mafuriko hubeba vipande vya chupa, miiba na nyaya, na chini ya dimbwi shimo halionekani. Pangeni mstari wa watu, mpite uwanja mzima mkipapasa mbele yenu. Nimeona kisiki cha mti kikitolewa mahali ambapo kipa angeruka.

Mwenye neno la mwisho kuhusu uwanja ni refa. Sheria ya 5 ya soka inamruhusu kusimamisha mechi au kuivunja, na Sheria ya 7 inasema mechi iliyovunjwa hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine. Hilo la mwisho ndilo linaloleta vita mitaani, maana mashindano yetu mengi ya kugombea ng'ombe hayana kanuni zilizoandikwa. Tumewahi kuongoza mabao mawili, mvua ikavunja mechi, na ubishi ukamaliza wiki nzima. Siku hizi siingizi timu kabla hatujaandika kwenye karatasi: mechi ikivunjika dakika hii, itakuwa hivi. Makocha wote wawili wanatia sahihi, refa anaweka mfukoni.

Kuhusu radi sina mjadala na mtu. Watu wa Kisii na Kakamega wanajua inavyoua. Ukiona mwako, hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, kila mtu atoke. Msikae chini ya mwembe, msiegemee mlingoti wa chuma. Ingieni darasani au ndani ya gari, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Vijana watanung'unika. Waache wanung'unike wakiwa hai.

Kuyaondoa maji

Kuna watu wakiona dimbwi wanakimbilia jembe uma na kutoboa matundu katikati ya uwanja. Ikiwa chini kuna mchanga au kokoto, sawa. Kwenye udongo mweusi, chini ya tope kuna tope lilelile, na kila tundu linakuwa kisima kidogo. Yafungulie maji njia ya kando. Kila uwanja una upande ulioinama, hata ule unaoonekana sawa: tazama nyasi kavu na takataka zilikojikusanya. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, uchimbe mfereji mwembamba kuanzia nje ya mstari hadi kwenye mtaro wa barabara. Ndani ya mistari jembe lisiguse.

Kisha sukumeni maji kuelekea mferejini. Chombo chetu ni ubao wa urefu wa mita moja na nusu hivi, umepigiliwa ukanda wa tyubu kuukuu ya gari kwenye ukingo wa chini, na mpini mrefu. Seremala yeyote atakutengenezea. Watu wawili watatu wasukume kwa mwelekeo mmoja, wengine wakae nje. Umati ukiingia “kusaidia”, nyayo zao zinageuza maji safi ya juu kuwa uji, na uji hausukumiki.

Dimbwi lililobaki, la kina cha vidole viwili, ndilo langu. Chukua vipande vya sponji vilivyobaki kwa mafundi wa viti, vya ukubwa wa mto wa kulalia. Nenda karakana yoyote ya sofa; vimejaa sakafuni, na utapewa bure au kwa bei ya chai. Chagua ile laini ya bei ya chini, hunyonya upesi kuliko ile ngumu tunayowawekea wenye pesa. Ilaze juu ya maji, ikandamize kwa viganja mara moja, iache inywe. Inyanyue kwa kupitisha mikono chini yake, maana ukiishika kwa ncha itakumwagia yote njiani. Ikamue ndani ya ndoo. Watoto hupenda kuikamua papo hapo, pembeni mwa dimbwi, na maji yanarudi yalikotoka huku wao wakicheka. Ndoo imwagwe mferejini.

Nguvu zako zitumie mbele ya malango, kwenye alama za penalti na katikati. Pembe ziache. Baada ya hapo tandaza mchanga mkavu wa mtoni, tabaka jembamba, mahali kipa anaposimama. Vumbi la mbao nalo hufaa likiwa kidogo. Makapi ya mpunga ya viwandani Ahero yanavutia kwa sababu ni ya bure, lakini huelea, na yakishalowa ni utelezi mtupu.

Mistari usiipige kwa chokaa siku hiyo. Chokaa yenye maji huunguza ngozi na macho, na kipa wako atatumbukiza uso humo. Tumia vumbi la mbao kavu, linaonekana vizuri juu ya udongo mweusi, ongeza na vijiti vifupi nje ya mstari, mbali kidogo, wasivikanyage. Vijiti vya kona viwe na urefu usiopungua mita 1.5, na ncha isiyochoma.

Miguu na mpira

Njumu, yale meno ya soli, zikiwa chache na ndefu hushinda zile fupi nyingi, ambazo hushika tope mpaka mtu anakimbia juu ya keki. Pakaza mafuta ya kupikia kidogo kwenye soli kabla ya kuingia, tope halitang'ang'ania. Mapumzikoni mpe kila mchezaji kijiti akwangue, na jozi kavu ya soksi kwa mwenye nayo. Zamani tulivaa mifuko ya plastiki ndani ya kiatu. Tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017 vijana wamehamia karatasi za mkate. Mimi nawakataza. Maji yanaingia kwa juu hata hivyo, na mguu unateleza ndani ya kiatu.

Kipa aweke chupa ya maji safi na taulo nyuma ya mlingoti. Glavu za mpira hushika vizuri zikiwa na unyevu kidogo, tatizo ni tope, kwa hiyo asuuze kila mpira ukitoka nje.

Mpira unapoanza mechi unatakiwa uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ule wa kushonwa uliochoka unaweza kuanza hivyo na kumaliza mzito zaidi kwa kunywa maji, na kuupiga kichwa si mchezo. Kuwa na miwili, mtoto mmoja aufute ulio nje. Pampu uwe mgumu kiasi, ndani ya kipimo, ili utoke topeni kwa urahisi.

Sasa chezeni

Ukishinda sarafu, chagua upande, usichague kuanza mpira. Lango lenye maji mengi lilinde kipindi cha kwanza, wakati mabeki wako bado wana miguu. Kipindi cha pili litakuwa la wenzenu, nao wamechoka.

Pasi ya kumrudishia kipa ndiyo inayofungisha timu mabao mengi siku ya maji kuliko kitu kingine chochote. Nimeitazama kwa karibu kutoka nyuma ya lango. Beki anageuka, anamwona kipa, anaugusa kwa utulivu uleule wa siku zote. Mpira unateleza vizuri kwenye nyasi, unakuja, unaingia kwenye maji, unazunguka mara moja na kusimama. Kipa amekwisha kusimama tayari, mguu ameuandaa. Kati ya mguu wake na mpira pana hatua mbili. Mshambuliaji, ambaye hata hakuwa anakimbia, ndiye anayeufikia, na kwa kuwa mpira umesimama kabisa anapata hata muda wa kuchagua kona. Kwa hiyo sheria yetu siku hiyo ni fupi: beki anabutua, tena pembeni. Asiyependa kubutua akae benchi mpaka jua litoke.

Kwa kushambulia mambo hugeuka. Kila mpira unaoonekana umepotea, ufuate, huenda ukasimama. Pasi za chini katikati sahau. Inua mpira upite juu ya maji, utue kifuani mwa mtu. Mpira wa kurusha una thamani kuliko kona, kwa sababu mikono haitelezi kama mguu wa kusimamia. Mwenye chenga asiuburute dimbwini, auchote kwa ncha ya kiatu, aupitishe juu, akimbie kando. Na pigeni mashuti ya chini, yagonge unyevu mbele ya kipa: mahali penye utando mwembamba wa maji mpira huongeza kasi, penye dimbwi hufa. Ndiyo maana nahodha anatakiwa awe ameuzunguka uwanja na kijiti mkononi asubuhi ile, ajue ni wapi na wapi.

Kuteleza kwa miguu miwili marufuku. Kwenye maji ukianza kuteleza huwezi kusimama, utamfikia mtu hata kama ulikusudia mpira, na kadi haitauliza nia yako. Wachezaji wa akiba waingize mapema kuliko kawaida. Tope hula mapaja.

Filimbi ya mwisho ikilia

Msiende kuoga wala kuosha viatu ziwani. Najua Dunga iko karibu na maji ni ya bure, lakini kichocho nacho ni cha bure. Osheni kwa maji ya bomba, na mwenye mkwaruzo autie sabuni hapohapo. Aliyechomwa na msumari au chupa aende kituo cha afya akaulize kuhusu sindano ya pepopunda, asingoje kidonda kivimbe. Viatu vijazwe magazeti na kuanikwa kivulini; ukiviweka karibu na jiko gundi inaachia.

Bado kuna uwanja. Tope hilo jeusi likikauka na alama za njumu zenu ndani yake hugeuka zege lenye meno, na watoto wa shule watateguka vifundo vya miguu mpaka mvua nyingine ije ilainishe. Kwa hiyo rudini kesho yake alfajiri, kabla jua halijashika, mkiwa na reki na majembe. Anzeni mbele ya malango: vunjeni kingo za mashimo, sukumeni udongo uingie ndani, kanyageni taratibu kwa gambuti zenye soli bapa. Pandikizeni vipande vya nyasi vilivyong'oka. Mfereji wa nje fukieni, au mwachieni mwalimu mkuu aamue kama anautaka. Kisha mwombeni siku saba bila mechi hapo, na mazoezi yahamie kwingine.