Kabla Hujaugusa Wosia Wako wa Zamani

Kwanza weka kalamu chini. Wengi hufungua wosia waliokwisha kuusaini, wakakata jina la kaka, wakaandika la dada pembeni, kisha wakaurudisha kabatini wakiamini kazi imekwisha. Katika nchi nyingi masahihisho ya namna hiyo ni bure mpaka yasainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Jina la kaka likiwa bado linasomeka chini ya mstari, kaka atachukua chake.

Kwa hiyo pima ukubwa wa badiliko. Kama ni msimamizi wa mirathi tu aliyehama au kufariki, nyongeza ya wosia, yaani karatasi ya pembeni inayosainiwa na kushuhudiwa kama wosia wenyewe, inatosha, mradi itaje tarehe ya wosia unaorekebishwa. Zaidi ya hapo, naona heri uandike upya. Nyongeza zikifika tatu huanza kugombana zenyewe kwa zenyewe, na aliyepunguziwa fungu atasoma humo humo kwamba zamani alikuwa na zaidi. Wosia mpya utamke wazi kwamba unafuta wosia wote uliotangulia. Sentensi hiyo ikikosekana, karatasi mbili zinaweza kusomwa pamoja, ule wa zamani ukaendelea kushika popote usipopingana na mpya.

Mashahidi watafute mapema, wasiwe warithi wala wenzi wa warithi. Mzee sana au mgonjwa apate pia maandishi ya daktari ya siku hizo hizo kwamba akili zake ni timamu.

Usichane wa zamani kabla mpya haujasainiwa. Ukifariki katikati, utahesabiwa hukuacha wosia kabisa. Ukishasaini mpya, haribu nakala halisi ya ule wa zamani, hata iliyoko kwa wakili. Kuchana fotokopi hakufuti kitu, na kutangaza kwa mdomo mbele ya familia mara nyingi hakutoshi. Na ule mpya usiubandue pini za stepla ili kuutoa kopi: matundu yale yatafanya watu waulize ni ukurasa gani ulionyofolewa.

Umeoa au kuolewa baada ya kuandika? Baadhi ya nchi huhesabu kuwa ndoa imefuta wosia wa awali. Talaka ina kanuni zake, kwa hiyo muulize wakili.

Mwisho toa mafaili ya bima ya maisha na pensheni. Fedha hizo mara nyingi hazipiti kwenye wosia, hufuata jina lililojazwa kwenye fomu, na fomu ya miaka 15 iliyopita huenda bado ina jina la mtalaka wako.