SOMO: Kabla hujarusha picha ya ajabu kwenye grupu

Mwangaluka, watu wa Mwanza, Jiji la Miamba. Kuna picha haikosi kurudi kwenye magrupu: mjusi mwenye kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu iliyokolea. Mtandaoni wamempachika jina la Spider-Man, na kila anayeituma anadhani kiumbe huyo anatoka ng'ambo. Yule ni wa kwetu. Tumtumie leo kama mfano.

Hatua ya 1. Tulia kwanza. Kama WhatsApp imeonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, ujue umeshapita kwa watu wengi, na huenda hakuna aliyeuliza kitu.

Hatua ya 2. Tafuta kwa kutumia picha yenyewe. Ipakie kwenye Google Lens uone imetokea wapi kwingine. Ukikuta mnyama yuleyule amepigwa picha na watu tofauti, juu ya mawe tofauti, huyo yupo kweli. Picha ya akili mnemba mara nyingi huwa peke yake, haina ndugu. Ule ushauri wa kuhesabu vidole ili kuitambua picha ya bandia mimi siuamini tena. Programu zimeshajifunza kuhesabu.

Hatua ya 3. Pata jina la kisayansi. Hapa ndipo penye utamu. Mjusi wetu anaitwa Agama mwanzae, jina alilopewa na mtaalamu wa wanyama watambaao Arthur Loveridge mwaka 1923, na hiyo "mwanzae" ni Mwanza hii hii. Ukishakuwa na jina hilo, milango inafunguka: utasoma kwamba yupo pia Rwanda na Kenya, kwamba rangi zile ni za dume tu, na kwamba jike ni wa kahawia, unaweza kumpita usimwone. Hata dume hang'ai saa zote. Usiku rangi hufifia, na akinyang'anywa himaya na dume mwenzake hufifia vilevile. Kwa hiyo ukitumiwa picha mbili, mmoja anawaka na mwingine amepauka, usikimbilie kusema ni aina mbili.

Hatua ya 4. Kama kitu kiko jirani, nenda kakione. Panda mawe ya Capri Point jua likishapanda, au vuka kwa boti hadi kisiwa cha Saanane. Sogea polepole, kivuli chako kisimwangukie. Na tafadhali, tusiwarushie mawe ili wakimbie tupate video.

Hatua ya 5. Iweke picha yako iNaturalist, mtandao wa kukusanya kumbukumbu za viumbe, pamoja na mahali na tarehe. Watu wengine wakiafikiana na jina uliloweka, kumbukumbu hupanda daraja na inaweza kutumiwa na watafiti. Picha uliyopiga Igogo kwa simu ya kawaida inaweza kufika huko.

Hatua ya 6. Sasa tuma, ukiandika mambo matatu: ni nini, yuko wapi, nani kapiga. Mfano: "Agama mwanzae, dume. Capri Point, Mwanza. Picha yangu." Inatosha, usiongeze "tuma kwa watu kumi".

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kirumba: Mkuu, jina la mpiga picha linaharibu muonekano wa status. Nikilikata kuna ubaya?
Jibu: Upo, ndugu yangu. Likikukera sana, tafuta picha nyingine.

Kutoka Igoma: Shikamoo mwalimu. Mjusi wangu nimempiga picha ukutani kwangu. Nikimweka iNaturalist si watu watajua ninapokaa?
Jibu: Marahaba mwanangu. Wakati wa kuweka, chagua mahali paonekane kwa kufichwa. Ramani itaonyesha eneo pana tu, nyumba yako haitajulikana.

Kutoka Nyakato: Mimi ni mchoraji. Nimemchora kwenye turubai kutoka picha ya mtandaoni, naweza kuuza?
Jibu: Angalia leseni ya picha. Ikiwa na herufi NC, mwenyewe hakuruhusu biashara. Ikiwa CC BY, yaani leseni inayoruhusu kutumia mradi umtaje mwenyewe, uza, ila mtaje. Isipokuwa na leseni yoyote, muombe. Kwa mchoraji wa Mwanza, lakini, naona uvivu: mjusi yuko dakika chache kutoka kwako, kampige picha mwenyewe uchore.

Kutoka Igombe: Kaka, kuna video ya moshi mkubwa umesimama katikati ya ziwa. Mjomba anasema ni jini, mimi nasema ni kompyuta. Nani mkweli?
Jibu: Wote mmekosa. Ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Hukulia chini kwenye tope, wakikomaa huibuka kwa pamoja, wakazunguka hewani kutafuta wenza. Kuna aina ambayo huibuka zaidi mwezi unapoandama, kwa hiyo mjomba akae na kalenda. Ukitaka kuwarekodi, simama upande upepo unakotoka, la sivyo utarudi nyumbani umeshiba.