Mpe mwalimu wa watoto Jumapili moja ya kukaa ibadani

Kanisa likitaka kuwashukuru walimu wa shule ya Jumapili, wazo la kwanza la wazee wa kanisa huwa ni kitenge. Si vibaya, ila mwalimu anayefundisha chini ya mwembe kila wiki ana njaa nyingine: huenda hajasikia mahubiri tangu Pasaka. Pangeni zamu. Wazazi wawili wawili wakishika darasa mara moja kwa mwezi, yeye ataingia ibadani kama washarika wenzake, na wazazi watajionea kazi ya kutuliza watoto 40 wanaotaka kwenda kunywa maji kwa wakati mmoja.

Halafu nauli. Wengi wao ni vijana, wengine bado wanasoma, na penseli za rangi hununua kwa pesa zao. Mhazini aulize mwezi unapoanza, maana wengi huona haya kuomba.

Kwa sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), siku nzuri ya kuwasimamisha mbele ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Watoto wakimaliza ngonjera, makofi yote huenda kwao. Hapo mzee wa kanisa amtaje mwalimu kwa jina na alichofanya: “Huyu ndiye aliyemfuata nyumbani yule mtoto aliyeacha kuja.” Ile “asanteni walimu wote” haimgusi mtu. Na kama kuna pilau, wapakuliwe wao kwanza. Kwa kawaida hugawa sahani za watoto mpaka sufuria inabaki ukoko.